Mtoto wa gredi ya saba kajaza fomu ya afya ya akili shuleni, sasa kaandikiwa Prozac. Nichukue dawa au nikatae?

MamaTatu_Chicago

Habari zenu wana jamvi, naombeni mnivumilie uzi mrefu kidogo, huku sina wa kumwambia na ndugu wa nyumbani nikiwaambia wananichanganya zaidi.

Niko Illinois, pembeni ya Chicago, mimi na mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza mvulana, ana miaka 13, gredi ya saba. Shuleni kwao juzi hapa walipewa fomu ya kupima afya ya akili, wenyewe wanaita skriningi, mtoto anajaza kwenye kompyuta ya shule hapo hapo darasani, maswali tisa, kila swali linauliza ndani ya wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na hiki mara ngapi, hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Wa kwangu katoka na alama 14. Kaunsela akanipigia saa nne asubuhi nimelala maana nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikakurupuka nikijua mtoto kagongwa na gari, kumbe ananiambia ana dalili za dipresheni za kiwango cha kati na ananishauri tumuone daktari.

Tukaenda kwa daktari wake wa watoto. Akamuuliza mawili matatu, akaniomba nitoke kidogo wakaongea wenyewe, halafu akaniambia njia ni mbili, ama tumtafutie mtaalamu wa maongezi, ambaye kwa bima yetu foleni yake ni ya miezi, ama tuanze fluoxetine, ndio hiyo Prozac, miligramu 10, wakati tunasubiri foleni. Nikamwambia nitafikiria. Nafika nyumbani mesej ya duka la dawa inaingia, dawa yako iko tayari njoo uchukue. Mpaka naandika hapa sijaenda.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, nimemwambia kwa simu akanijibu neno moja tu, "mwanangu si wa Mirembe", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili, akakata. Mama mkwe yuko Tanga anasema ni jicho hilo, anatafuta msafiri ampe kombe aje nalo. Dada yangu Dar anasema wazungu wanatafuta wateja wa dawa zao. Mimi mtoto namuona yupo, anakula, anacheza basketi, ila kweli kapoa, hacheki kama zamani, nikasema ndio kubalehe kwenyewe.

Sasa naomba kujua, hii dawa kweli wanapewa watoto wa miaka 13 au ni majaribio? Nikikataa shule inaweza kunishtaki nikanyang'anywa wanangu? Hilo ndilo linaninyima usingizi, mnaoishi huku mnanielewa. Na rekodi yake itamfuata mpaka chuo? Matusi sitaki, ushauri tu.

Kigoda_cha_Mwisho

Pole sana dada. Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

Kifaru_Houston

Dada USICHUKUE hiyo dawa. Watu wataniita mtu wa njama lakini mimi naongea vitu vilivyoko kwenye rekodi, tafuteni wenyewe.

Hii michezo ya kupima watoto akili mashuleni haijaanza leo. Ilikuwepo programu inaitwa TeenScreen, ilitokea Chuo Kikuu cha Columbia, ikasambaa majimbo mengi, tume ya afya ya akili ya Rais Bush mwaka 2003 ikaisifia kabisa kama mfano wa kuigwa. Indiana mwaka 2005 wazazi wakaishtaki shule kwa sababu binti yao alipimwa bila wao kusaini chochote akaambiwa ana magonjwa mawili ya akili. Kelele zikawa nyingi, 2012 programu yenyewe ikafungwa. Na tume hiyo hiyo ikasifia mwongozo wa dawa wa hapa kwangu Texas, ule wa kuwaelekeza madaktari waanze na dawa gani, kumbe makampuni ya dawa yalikuwa na mkono mle ndani, Johnson & Johnson wakaja kulipa Texas dola milioni 158 mwaka 2012 kumaliza kesi ya Risperdal, dawa yao ya magonjwa ya akili.

Mwaka huo huo GlaxoSmithKline walikiri makosa wakalipa dola bilioni 3, na mojawapo ya makosa ni kuipigia debe Paxil, dawa yao ya dipresheni, kwa watoto wa chini ya miaka 18 wakati haijaidhinishwa kwa watoto. BILIONI TATU. Sasa mtu mwenye historia hiyo anakuletea fomu ya maswali tisa, siku chache baadaye mesej ya duka la dawa inaingia kwenye simu yako, na wewe bado unauliza kama ni biashara?

Mtoto wa miaka 13 kupoa ni kitu cha ajabu? Sisi tulipoa mangapi.

Nesi_Mkenya254

Pole mama. Mimi ni nesi, niko Dallas, nafanya wodi ya vijana wenye shida za akili, so haya mambo nayaona kila siku. Hebu tutenganishe vitu kwanza juu Kifaru ameviweka kwa sufuria moja.

Hiyo fomu inaitwa PHQ-9, ile ya vijana. Kila swali ni sufuri mpaka tatu, jumla ya mwisho ni 27. Kuanzia 10 kwenda juu wanasema hapa pana kitu angalia. Hiyo ni kama kipimajoto mama, kinakuambia mtoto ana joto, hakikuambii ni malaria ama ni jua. Mwenye kusema ni dipresheni ni mtu amekaa na mtoto akamuuliza vizuri, nyumbani kukoje, shule kukoje, analala saa ngapi, kuna mtu anamsumbua, familia iko na historia gani. Kama daktari alifanya hiyo kazi kwa muda mfupi hivyo mimi nisingeridhika, ningerudi.

Lakini swali langu ni moja na unijibu ukweli. Hii 14 mimi hainitishi sana. Swali la TISA alijibu nini? Lile la kuwaza afadhali ungekuwa umekufa ama kujiumiza.

Mwl_Moro

Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Huku hakuna skriningi, mtoto akisinzia darasani ni bakora, akiendelea kusinzia anaitwa mzazi, mzazi akija naye anaomba fimbo. Kwa hiyo nasoma uzi huu nikiwa sijui niwaonee wivu au niwaonee huruma. Endeleeni.

MamaTatu_Chicago

Nesi umenigusa penyewe. Alijibu "siku kadhaa". Kaunsela aliniambia, mimi sikuliandika pale juu kwa sababu hata kuliandika vidole vinakataa. Daktari naye alisema kamuuliza akasema hana mpango wa kufanya chochote.

Mimi mwenyewe sijamuuliza. Naogopa nikimuuliza ndio namfungulia mlango ambao hakuujua.

Nesi_Mkenya254

Mama hapo nakuomba kama dadako. Muulize. Leo. Hii imefanyiwa utafiti miaka mingi, kumuuliza mtoto kama anawaza kufa hakumpandikizii hilo wazo, wengi wanashukuru kuna mtu ameuliza. Usimuulize ukiwa umesimama mlangoni na bila kumwambia "si unajua hiyo ni dhambi" kabla hajajibu. Mwambie nimeambiwa ulijibu hivi, nataka nikusikie, sikugombezi.

Na kabla ya hapo, fungia dawa zote kwa kabati. Zote. Tylenol pia, hiyo ya maumivu kama Panadol, watu huidharau lakini ukimeza nyingi inaua ini. Kama kuna bunduki kwa nyumba itoke ama ifungiwe, risasi kando. Ukiona hali imekuwa mbaya usiku, piga 988 ama umpeleke emajensi. 988 ni bure, saa zote, na unaweza kuomba mkalimani.

Hiyo inafanywa kama utakubali dawa ama utakataa, si suala la kubishana na Kifaru.

Kifaru_Houston

Hapo kwenye kufungia dawa na kumuuliza niko na wewe nesi, sibishi.

Binti_Forodhani

Asalaam alaykum. Mimi nipo Muscat lakini mtoto wa Unguja, nimesomesha skuli miaka. Shoga yangu hebu n'kuulize, nimeona watajwa kombe na Tanga nikajua ni wenzetu. Hiyo fomu kaijaza lini? Si ndani ya Ramadhani?

Kama ndio, hebu yatazame hayo maswali moja moja. Mimi nimeyatafuta. Umelala vibaya au umelala kupita kiasi. Umechoka huna nguvu. Chakula hakikupiti au wala mno. Huwezi kutulia ukazingatia jambo, mfano kusoma. Umekuwa mzito wa mwendo mpaka watu wakaona. Sasa mtoto wa miaka 13 anaamka saa kumi kula daku, halali tena, anakwenda skuli tumbo tupu, anarudi, tarawehe, saa tano usiku bado macho. Akijibu kwa haki ya Mungu, maswali manne au matano hapo kesha pata alama na hana maradhi yoyote! Na kaunsela wa kizungu ajuaje kama hakuuliza?

Sisemi mtoto hana kitu. Hilo la tisa si la saumu. Nasema hiyo kumi na nne ifumuliwe, kipi ni cha mfungo na kipi ni chake.

MamaTatu_Chicago

Wallahi hapa nimekaa nimeduwaa. Ni ndani ya mfungo kabisa, kumi la pili. Na mwaka huu ndio kaifunga yote kwa mara ya kwanza, kwa kiburi kabisa hataki kuambiwa apumzike. Hakuna aliyeuliza, kaunsela wala daktari, na mimi wala haikunijia kichwani.

Dawa_na_Dozi

Mimi ni mfamasia, nasoma uzi kimya toka jana, naomba niseme kuhusu dawa yenyewe maana kila mtu anairukia.

Fluoxetine si majaribio kwa umri huo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliiidhinisha kwa watoto wenye dipresheni kuanzia miaka 8, ni 2003 hiyo. Nyingine yenye idhini kwa dipresheni ya vijana ni escitalopram, kuanzia miaka 12. Paxil ya Kifaru haijawahi kupata idhini ya watoto, kwa hiyo kesi ya Paxil ni ya kweli ila si kesi ya dawa aliyoandikiwa huyu mtoto. Tusihukumu Juma kwa kosa la Hamisi.

Hata hivyo Kifaru hajakosea kuogopa. 2004 FDA waliweka lile onyo zito la kwenye fremu nyeusi kwa dawa zote za kundi hili. Walikusanya majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Waliokuwa kwenye dawa, wapatao 4 kwa kila 100 walipata mawazo au vitendo vya kujidhuru, waliokuwa kwenye kidonge cha bandia ni 2 kwa kila 100. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. 2007 onyo likasogezwa likafika miaka 24. Maana yake kwa mzazi ni hii, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa unamtazama mtoto kwa karibu sana, ukiona hatulii, halali, ana hasira za ajabu, anaongea mambo ya kufa, unapiga simu siku hiyo hiyo, husubiri miadi. Na mtoto mwenye mawazo ya aina hiyo kuanzishiwa dawa halafu miadi ijayo iwe baada ya miezi, mimi ningeuliza kwa nini.

Inafanya kazi? Kwa dipresheni ya kweli, ndio, kiasi. Kuna utafiti maarufu wa 2004 unaitwa TADS, vijana 439 wa miaka 12 mpaka 17. Baada ya wiki 12 waliopata dawa pamoja na tiba ya maongezi walioimarika ni 71 kwa 100, dawa peke yake 61, maongezi peke yake 43, kidonge cha bandia 35. Hiyo 35 itazameni vizuri, theluthi nzima wanapata nafuu na kidonge kisicho na kitu. Lakini hao walichaguliwa baada ya kuchunguzwa kwa kina, hawakutoka tu kwenye fomu ya darasani.

Dada, haikamati kama dawa za kulevya, ila ukianza huachi ghafla, unapunguza na daktari. Na haifanyi kazi kesho, ni wiki nne mpaka sita. Daktari aulize pia kama kwenye ukoo kuna mtu wa kupanda na kushuka, leo ana furaha ya kupitiliza halali siku tatu, mwezi ujao hainuki kitandani. Kama yupo hiyo dawa inahitaji uangalifu zaidi.

MzeeWaBusara_77

Shule hairuhusiwi kulazimisha dawa. Kuna sheria ya taifa imekataza toka 2004. Mambo kwisha, uzi ufungwe.

Dawa_na_Dozi

Mzee nusu tu. Hiyo ni sheria ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, IDEA, inakataza shule kumwambia mzazi mtoto hasomi hapa mpaka anywe dawa ya kundi linalodhibitiwa. Hapo ni kina Ritalin na Adderall za watoto wasiotulia, ndio zilikuwa zinalalamikiwa. Prozac haimo kwenye kundi hilo. Ila kwa huyu dada shule wala haijamlazimisha, imemshauri aone daktari, dawa kaandika daktari, na mwenye kusema ndio au hapana ni mzazi.

Kifaru_Houston

Mmeona sasa mmezitaja wenyewe Ritalin na Adderall. CDC wenyewe, taasisi ya afya ya serikali, wanasema 2022 watoto milioni 7 wa Marekani walishawahi kuambiwa wana ADHD, huo ugonjwa wa kutotulia, zaidi ya 11 kwa kila 100, na zaidi kidogo ya nusu ya wenye nayo wanakunywa dawa. Milioni saba! Nchi nzima ya watoto imekuwa wagonjwa au shule zimechoka kukaa na watoto wa kiume? Mimi hoja yangu ni hiyo, skriningi ikiingia kila shule idadi haitapungua, ni mfereji.

Rafiki_wa_Nyarugusu

Dada, salamu toka Rockford, tuko jimbo moja. Sisi ni Wakongo, tumekaa kambi ya Nyarugusu Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Nafanya kazi ya kusaidia familia mpya, shule, hospitali, makaratasi. Nikujibu yale ya sheria.

Julai 2025 Gavana Pritzker alisaini sheria, Illinois ikawa jimbo la kwanza kusema shule zote za umma zipime afya ya akili, gredi ya 3 mpaka ya 12, kila mwaka, kuanzia mwaka wa masomo 2027-2028. Shule nyingine wameanza wenyewe mapema, yako ni mojawapo. Mzazi anaweza kumtoa mtoto. Lakini angalia ujanja uko wapi: karatasi inaletwa kwa Kiingereza ndani ya begi pamoja na tangazo la piza, na imeandikwa kama hutaki rudisha. Ukinyamaza, umekubali. Familia zangu nyingi ninazosaidia hawajui kama walikubali. Kuna sheria ya taifa pia, PPRA, mzazi ana haki ya kujulishwa kabla na kuona maswali yenyewe mtoto anayoulizwa mambo ya akili. Waandikie barua, waombe uone fomu, alama za kila swali, na nani ameziona na zinahifadhiwa wapi. Barua, siyo simu.

Na omba mkalimani hata kama unajua Kiingereza cha kazini. Ni haki yako na ni bure. Nimeona kikao mtoto ndiye anamtafsiria mama yake mambo yake mwenyewe ya kutaka kufa. Alitafsiri vizuri kila kitu isipokuwa hapo.

Jambo lingine watu hawalijui, Illinois mtoto kuanzia miaka 12 anaweza kwenda kwenye maongezi na mtaalamu mpaka vikao 8 bila ruhusa ya mzazi. Dawa hapana, dawa lazima usaini wewe.

Kifaru_Houston

VIKAO NANE BILA MZAZI KUJUA???? Na mnaniambia mimi ndio mtu wa njama. Mtoto wangu anaongea na mtu nisiyemjua mambo ya nyumbani kwangu mara nane na mimi ndio nalipa kodi ya hilo jengo.

Rafiki_wa_Nyarugusu

Kaka mimi pia nilikasirika siku ya kwanza kuisoma. Halafu nikakutana na binti ambaye shida yake ilikuwa huyo huyo aliyepaswa kusaini. Sasa sikasiriki tena ila bado siipendi. Vyote viwili.

Mtumishi_JT

Ndugu zangu tumesahau maombi. Mtoto akae chini ya madhabahu siku saba.

Nesi_Mkenya254

Muombe tu pastor, hakuna mtu amekataza. Wa kwetu wodini wanaombewa na wanameza.

MamaTatu_Chicago

Asanteni jamani nasoma kila neno. Lile la kunyang'anywa watoto hamjanijibu. Nitasema ukweli, mimi usiku niko kazini, baba yao yuko barabarani, huyu wa 13 ndiye anabaki na wadogo zake. Jirani Msomali anawachungulia. Naogopa nikienda kuongea sana huko shuleni wataanza kuuliza usiku wanalala na nani.

Rafiki_wa_Nyarugusu

Dada haya ya usiku usiyaandike zaidi hapa, nimekutumia ujumbe pembeni.

Kwa wote wanaosoma: kukataa kuanza dawa, wakati unampeleka mtoto kwa daktari na unatafuta mtaalamu, katika familia nilizosindikiza sijaona mtu anafunguliwa kesi kwa hilo. Nilichoona kinaleta shida ni kimya. Shule inapiga simu, mzazi hapokei, miadi haendi, mtoto ameandika anataka kufa, hapo kaunsela kwa sheria yupo kwenye kundi la watu wanaolazimika kutoa taarifa wakihisi mtoto ametelekezwa. Kwa hiyo usikimbie. Kataa dawa ukitaka, lakini kataa kwa kuandika na useme unafanya nini badala yake.

Binti_Forodhani

Na hilo la kubaki na wadogo zake usiku, shoga yangu, mbona ndio jibu la swali la usingizi? Mtoto analala na sikio moja wazi.

MamaTatu_Chicago

Narudi wapendwa, samahani nilipotea, Idi iliingia katikati.

Nilimuuliza. Nilimchukua kwenye gari maana ndani wadogo wamejaa, tukakaa kwenye maegesho ya duka la Aldi. Kwanza akanijibu niko sawa, niko sawa. Nikamwambia nimeambiwa namba tisa. Akanyamaza muda mrefu halafu akaongea mpaka nikasahau ice cream ilikuwa inayeyuka kwenye mifuko. Kuna kundi la Snapchat, vijana watatu wa timu yake ya basketi wamemtengenezea picha, mambo ya kumdhalilisha siwezi kuandika, toka Januari zinazunguka. Na kweli usiku halali, mdogo wake wa mwisho akilia yeye ndiye anaamka. Akasema hakutaka kufa kufa, alitaka asiwepo tu shuleni, kama mtu angeweza kutoweka kidogo. Hajapanga kitu. Akaniuliza kama baba kakasirika.

Nilikwenda shule na mkalimani wa kwenye simu. Picha nimewapa, wameanza kuwaita wale wazazi, hapo nimeona kaunsela ni mtu mwema, hakuwa anajua chochote cha mfungo akaandika pembeni ya karatasi yake. Daktari tumerudi pia, nimemwambia yote mawili, la Ramadhani na la zile picha. Kakubali tusianze dawa sasa, tumpime tena baada ya Idi. Tumempima. 11.

Yaani imeshuka ila bado imezidi ile 10. Namba tisa safari hii kasema hakuna kabisa, sijui kama ni kweli au kaniona nilivyolia. Tumepata mtaalamu wa maongezi kwa video, kila Jumatano, kijana mwenyewe anasema "he's okay", kwa mtoto wangu hiyo ni sifa kubwa. Dawa bado iko kwenye jina lake duka la dawa. Zamu nimeomba ya mchana, sijajibiwa.

Dawa_na_Dozi

Umefanya vizuri. 11 si ya kupuuza wala si ya kukimbilia kidonge wakati maongezi yameanza. Wape wiki sita mpaka nane, mkubaliane na daktari mapema ni nini mkikiona mtaanza dawa, ili siku hiyo usianze upya kufikiria. Na ukifika hapo usijione umeshindwa.

Kifaru_Houston

Kwa hiyo fomu iliita dipresheni kitu ambacho ni wahuni watatu na Snapchat. Halafu mnasema mimi sina hoja.

Nesi_Mkenya254

Na bila fomu mama angejua lini? Toka Januari mtoto amekaa na hizo picha, baba hajui, mama hajui, mwalimu hajui. Hiyo fomu ndiyo kitu cha kwanza kilimuuliza. Ilikosea jina la shida, sawa, nakupa hiyo.

Kifaru_Houston

Mama yake ndiye alipaswa kumuuliza.

Binti_Forodhani

Na baba yake.

Kifaru_Houston

Haya. Swali la mwisho, binti yangu yuko gredi ya sita hapa Houston. Hiyo barua ya kumtoa naiandikaje, kuna mwenye mfano?

Rafiki_wa_Nyarugusu

Texas kaka huna haja ya kujitoa, kwenu sheria ya elimu inasema shule haifanyi uchunguzi wa kisaikolojia kwa mtoto mpaka mzazi asaini kukubali kwanza. Ukinyamaza, hawampimi. Ila ukipewa rundo la fomu mwanzo wa mwaka zisome zote, mara nyingi hiyo ruhusa imechomekwa katikati na watu wanasaini mfululizo.

Kifaru_Houston

Za mwaka huu alisaini mke wangu. Ngoja nimuulize.